Marehemu Kakuachia Mbwa: Namna ya Kuishi Naye Mpaka Moyo Utulie

Mbwa wetu anaitwa Haiwahusu. Jina alimpa marehemu mume wangu kwa ajili ya majirani waliokuwa wakimuuliza kila siku, Mwislamu mzima anafuga mbwa wa nini. Kwa hiyo ukisimama uani kwetu hapa Mikindani ukamwita kwa sauti, "Haiwahusu! Haiwahusu wee!", mtaa mzima unapata jibu lake. Ni kama khanga, ila hii ina miguu minne na inabweka.

Mume wangu alifariki Februari 2022. Presha. Alilala mzima, hakuamka. Mimi nilikuwa na miaka 53. Haya ninamwandikia mtu aliyefiwa akabaki na mbwa mikononi, au anayefikiria kuchukua mbwa kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Sikuwahi kuwa mpenzi wa mbwa, na hata leo ukiniuliza kama nampenda huyu nitasita kidogo kabla ya kujibu. Lakini alichonifanyia nakijua, na nilipokosea napajua pia.

Wakati wa matanga usiamue lolote

Siku za mwanzo nyumba imejaa. Mikeka mpaka barazani, masufuria ya kuazima, watoto wa watu wamelala kila kona. Haiwahusu alikuwa shambani, juu ya kilima nyuma ya mji, mwendo wa saa nzima kwa mguu, analinda mikorosho pamoja na kijana wetu wa kibarua. Hakuna aliyemkumbuka. Mashemeji walikaa wakagawana majukumu, nani asimamie shamba, nani afuatilie hela za korosho kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mbwa hakutajwa.

Siku ya tano matanga yameshaanuliwa, watu wamerudi makwao, nikasikia kitu kinakwaruza mlango wa uani. Kaja peke yake, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Akanusa mlango, akanusa ndoo, akanusa kigoda, mwishowe akafika kwenye kandambili za marehemu ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa. Akalala, pua ndani ya kandambili. Nilishika kipande cha kuni nimtimue. Mkono ukaishiwa nguvu hewani.

Kesho yake nilimwambia shemeji amtafutie mtu wa kumchukua. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nimeokolewa na jambo moja tu, kwamba shemeji yangu ni mzito wa kutenda. Mbwa wa marehemu mfanye kama nguo za marehemu: subiri. Acha arobaini ipite, kisha uamue. Ukimgawa siku ya tano unagawa kwa hasira, na ukimtaka tena si rahisi kwenda kumdai mtu.

Kinyume chake pia ni kosa. Kuna ndugu wenye huruma wanaomletea mfiwa kitoto cha mbwa wiki ileile, eti apate cha kumchangamsha. Kitoto cha mbwa hulia usiku kucha akimtafuta mama yake, hunya popote, hutafuna viatu. Mtu ambaye hajalala siku kumi hahitaji mtoto mchanga ndani ya boma. Kama nyumba haikuwa na mbwa na unaona atakufaa, ngoja miezi kadhaa, kisha chukua mkubwa, wa miaka miwili au zaidi, ambaye tabia yake imeshajulikana. Kamtazame kwao mara mbili tatu. Anayekuja taratibu akakunusa akakaa, huyo. Anayejificha nyuma ya banda au anayekurukia kifuani, mwachie mwenye nguvu zake.

Mbwa naye amefiwa, lakini mpekue masikio

Wiki mbili za kwanza Haiwahusu hakula ipasavyo. Alikuwa akilala muda mrefu, akisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani anainua kichwa, halafu anakirudisha chini. Mimi nikawa namwambia binti yangu kwenye simu, huyu anaomboleza kama mimi. Nikaona hata fahari kidogo, mwenzangu nimempata.

Basi nikamwacha aomboleze. Mpaka kijana wa kibarua alipokuja akamfunua mdomo, fizi zimekuwa nyeupe kama chaki. Masikioni na katikati ya vidole kupe wamejipanga kama punje za mtama. Alikuwa na ugonjwa wa kupe. Bwana mifugo alimchoma sindano, siku chache tu akaanza kula.

Nalisisitiza hili kwa sababu mfiwa huona msiba kila mahali. Mbwa aliyepoteza bwana wake hupungukiwa hamu ya kula kweli, hunung'unika, husubiri mlangoni. Lakini asipokunywa maji siku nzima, au asipokula kabisa siku mbili, usimtungie hadithi. Tazama fizi, ziwe na rangi ya waridi. Pekua masikio, kwapa na vidole. Tazama macho: huku kwetu kusini, hasa walio karibu na mapori ya Liwale na Nachingwea, mbung'o wapo, na mbwa aliyeambukizwa na mbung'o hukonda, hupata homa, na jicho lake hufunga ukungu wa bluu. Huyo asipotibiwa hufa. Tazama pia nyayo, maana mchanga wetu una funza, na funza wa mbwa ndiye huyohuyo atakayehamia kidoleni kwako.

Kama ni mzima na ni huzuni tu, usibadilishe mambo mengi kwa mara moja. Mwache alale palepale alipozoea. Kandambili sikuziondoa mpaka yeye mwenyewe alipoacha kuzilalia, na hiyo ilichukua kama miezi miwili. Ugali umwagie mchuzi wa samaki wa moto kidogo, asiyeshika kwa njaa hushika kwa harufu. Usimlazimishe wala usimkalie kumbembeleza.

Mambo ya najisi

Ndugu zangu Wakristo wa Masasi na Ndanda, sehemu hii mnaweza kuiruka.

Sisi wengine ndipo tunapokwama. Nilikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, nasali kuliko nilivyowahi kusali, na nje ya mlango kuna mbwa. Bi mkubwa jirani yangu aliniambia wazi kwamba malaika wa rehema hawaingii kwangu. Nilimtuma mdogo wangu kwa shehe wa mtaa akaulize. Shehe akauliza swali moja: mbwa analala ndani? Halali ndani. Analinda nini? Shamba na boma. Akasema mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, basi akae nje, na mjane asimnyime chakula. Akamkumbusha mdogo wangu yule mtu wa kwenye hadithi aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na mbwa wa watu wa pangoni yumo ndani ya Sura ya Al-Kahf, kalala kizingitini. Kizingitini, sio chumbani.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Banda lipo nyuma, mbali na mlango na mbali na kamba ya kuanikia nguo. Lina sakafu ya mbao iliyoinuliwa, maana mvua za masika za kwetu huingia popote. Ana sufuria yake na kopo lake la maji, havichanganywi na vyombo vya nyumbani hata kwa bahati mbaya. Nimevipiga rangi nyekundu. Nina gauni moja kuukuu la kazi za mbwa, linaning'inia kwenye msumari wake. Pembeni ya pipa la maji kuna ndoo ndogo ya udongo safi. Akinilamba, au mate yake yakinigusa, naosha mara saba, moja kwa udongo, kama madhehebu yetu ya Shafii yanavyotaka. Kavu kwa kavu haina tabu: mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, najisi haihami. Ukilijua hilo utapunguza maji na hofu.

Mwanzoni niliona ni mzigo. Baadaye nikagundua kwamba kuosha mara saba kwa kuhesabu ni dakika mbili ambazo kichwa hakiwazi kitu kingine.

Saa kumi

Hapa ndipo penye dawa yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Marehemu alikuwa akimlisha mbwa saa kumi jioni, akitoka kuswali alasiri. Miaka sita, kila siku. Mbwa hajui eda. Saa kumi ikifika alikuwa akiishika sufuria yake kwa meno, anaibwaga kwenye saruji. Kling. Ananyamaza. Kling tena. Mimi niko kitandani, uso ukutani, mchana mzima sijanyanyuka isipokuwa kwa swala, na swala zenyewe nyingine nasali nimekaa. Watu wote waliokuja walikuwa wakiniambia "pumzika, pumzika". Wema wao ulinilaza. Ile sufuria haikunipa pole.

Siku ya kwanza niliinuka kwa ghadhabu, nimtupie ukoko ili anyamaze. Siku ya pili hivyohivyo. Sikumbuki ni siku ya ngapi niliposhtuka kwamba saa tisa na nusu tayari nipo jikoni, nasonga ugali wa mbwa, na kwa kuwa jiko linawaka nimeinjika na wangu. Kabla ya hapo nilikuwa nakula nikiletewa.

Ukitaka mbwa akusaidie, basi, mpe saa moja isiyobadilika na uiheshimu hata siku ambayo huwezi kitu kingine. Usimwekee chakula cha siku nzima asubuhi ili upate kulala. Usimkabidhi mjukuu wala msichana wa kazi, hata wakijitolea. Wanaokupenda watataka kukupunguzia, na kazi hii usikubali ipunguzwe. Siku mbaya fanya hiyo moja tu, rudi ulale. Mimi siku ya hauli ya kwanza, mwaka mmoja tangu afariki, nilimlisha nikarudi kitandani mpaka kesho yake, na sijutii.

Wakati wa eda hukumu yetu ni kukaa nyumbani, kwa hiyo matembezi yalikuwa uani tu: kutoka bandani mpaka mchungwani na kurudi. Eda ilipoisha, mwanzoni mwa Julai, mikorosho ilikuwa inaanza kuchanua na salfa inatakiwa kupulizwa kabla ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haujashika maua. Sikuwa nimefika shambani tangu mazishi. Kila nikijaribu najikuta nafika kwenye kona ya Boma la zamani la Wajerumani narudi. Nilipomfunga kamba Haiwahusu, yeye hakurudi. Alikuwa anajua njia na alikuwa na haraka, akanivuta mlima mzima nikihema, tukafika. Nililia chini ya mkorosho ule mkubwa ambao marehemu alizoea kukaa. Mbwa alinusa shina, akainua mguu akakojoa, akaenda zake kufukuza ngedere. Nikajikuta nacheka na kulia pamoja.

Siku ya kupuliza lakini mwache nyumbani. Salfa inachoma macho na pua, na yeye atajilamba manyoya.

Watu huogopa mjane, hawaogopi kumsalimia mbwa

Jambo hili sikulitarajia. Baada ya msiba watu hupungua. Si kwa ubaya, hawajui waseme nini. Wakiona unakuja wanapata shughuli upande wa pili wa barabara. Nilipoanza kutembea na mbwa kila jioni kuelekea ufukweni na kurudi, wale wauza samaki wakaanza: "Haiwahusu, leo umekula?" Wanamuuliza yeye, nawajibu mimi. "Kala, lakini anajifanya hajala." Hapo tumeshaanza kuongea. Mama mmoja anayeuza ming'oko, vile viazi vya porini, alikuwa akimtupia maganda, mbwa hayali, tunamcheka wote wawili. Kumbe naye alizika mtoto mwaka juzi yake. Nisingejua.

Na mtani wetu kwenye khitma ya arobaini alisimama katikati ya watu akatangaza: marehemu kaacha mjane na mbwa, mahari ya mjane sina, nipeni mbwa. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu Februari, nikajifunika khanga usoni wasinione.

Tembea njia ileile, saa ileile. Watu wakuzoee. Mfunge kamba, hata kama ni mpole, kwa sababu kuna wenzetu wanaoogopa mbwa na kuna wanaokwenda msikitini wakiwa na udhu wao na kanzu nyeupe. Karibu na swala pita njia nyingine. Heshima hiyo ndogo ndiyo iliyomfanya bi mkubwa jirani aache maneno, na siku moja nilipougua homa ndiye aliyemsukumia sufuria kwa mti mrefu, amegeuza uso.

Kutazamana

Binti yangu ni muuguzi. Aliniambia mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha utafiti kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, hiyohiyo inayomfunga mama na mtoto anayenyonya. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo yangu, maana kutazama hakutaki maji mara saba.

Nilifanya hivi, na nakushauri: baada ya kumlisha vuta kigoda, kaa hatua mbili tatu kutoka kwake. Usimkodolee macho, mbwa asiyekuzoea huona hiyo ni shari. Mwite jina, akikuangalia mwangalie kwa upole, akigeuza mwache ageuze. Ongea ukitaka. Mimi nilimweleza mambo ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwamba usiku ule nilisikia mume wangu anakoroma vibaya nikampiga kikumbo ageuke, nikalala tena. Nilimweleza mbwa mara nyingi mno. Halafu siku moja nikaweza kumweleza binti yangu, naye akanifafanulia kitabibu, nikashusha pumzi.

Uone kwamba niliishia kwa binti. Kama miezi inapita na unaongea na mbwa tu, chakula hakipiti, usingizi hauji, au unawaza afadhali ungemfuata marehemu, hapo mbwa hatoshi. Mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali, hata kama inabidi mtu akushike mkono. Msongo wa namna hiyo hutibiwa.

Chakula, kwa ufupi

Dona na dagaa wa bei nafuu, vichwa vya samaki vilivyochemshwa mpaka mifupa ikalainika, ukoko wa wali. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, huvunjika kama sindano. Vitunguu usimtilie. Muhogo mchungu mbichi usimpe. Msimu wa mabibo usimwache akeshe chini ya mikorosho akila yaliyochacha. Wetu alirudi siku moja anayumba kama mtu aliyetoka kwenye uraka, pombe ya mabibo, bi mkubwa akapata la kusimulia wiki nzima.

Chanjo na kadi

Kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikishatokea kwa binadamu, hakuna kurudi. Kuanzia 2010 mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kukitokomeza, mbwa wengi wakachanjwa, lakini chanjo inataka kurudiwa na mbwa wapya wanazaliwa kila siku. Kitoto huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na mara nyingi karibu na tarehe hiyo utasikia matangazo ya chanjo, sikiliza. Ukiumwa na mbwa yeyote, hata wako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Kadi ya Haiwahusu nilikuta ndani ya mfuko wa koti la marehemu, kaikunja pamoja na risiti za korosho. Mwaka ule wa kwanza bwana mifugo alikaa mezani na kalamu, akaniuliza mwenye mbwa ni nani. Nikamtajia jina la marehemu, akaandika. Mwaka wa pili nikamtajia hilohilo. Septemba iliyopita aliniuliza tena, nikataja langu. Akaniomba na namba ya simu, akaandika, akapuliza wino, akanirudishia kadi na kumwita mtu wa nyuma yangu, kijana aliyekuja na mbwa watatu kwenye kamba moja.